Vioo vya Bwana Keller

Kamati ya sherehe za miaka mia ya mji wa Penhallow ilipotaka mtu wa kukusanya picha za zamani, haikuhangaika. Ilimpa kazi hiyo Enid Rodda, kwa sababu Enid ndiye aliyeunganisha simu za mji mzima, na hapakuwa na nyumba isiyoijua sauti yake. Akikupigia na kusema, "Ni mimi, Enid," huwezi tena kumwambia mtu ajibu kwamba umetoka.

Kufika Septemba mwaka ule wa 1966 alikuwa amejaza masanduku mawili ya viatu. Alipata maharusi waliokunja nyuso kama watu wanaongoja hukumu, alipata timu za mpira, alipata wachimba shaba wenye mishumaa kwenye kofia. Tatizo lilikuwa moja. Karibu zote zilipigwa baada ya vita vya kwanza, au zilipigwa Adelaide, makao makuu ya jimbo. Na mji ulikuwa na mpiga picha wake mwenyewe tangu 1899 mpaka mwaka wa pili wa vita. Jina lake Ambrose Keller, mtoto wa Wajerumani waliohamia Australia ya Kusini zamani. Nakala chache za kazi yake zilizobaki majumbani zilikuwa zimefifia, na nyingine muhuri wa jina lake umekwanguliwa kwa kisu.

Enid alivitaka vile vioo vyenyewe. Zamani hizo picha ilishikwa kwanza kwenye kioo, ndipo ikachapwa kwenye karatasi, na kioo kikitunzwa waweza kuchapa tena hata baada ya miaka hamsini. Lakini vya Keller havikujulikana viliko. Wengine walisema aliondoka navyo. Wengine walisema vilitupwa kwenye shimo la mgodi. Mama yake Enid, Bi Tamsin, ambaye Enid aliishi naye, alipoulizwa alisema tu, "Mambo ya Keller yaache yalale," akaendelea kumenya viazi.

Nyumba ya mwisho kwenye orodha ilikuwa ya Olive Trewartha, mwanamke wa miaka sitini na minne aliyelima nyanya ukingoni mwa mji. Hakuwa mchoyo wa chai, ila wa maneno. Walikunywa vikombe viwili kila mmoja, na jibu la Olive lilikuwa lile lile: hana picha, watu wa kwao hawakuwa watu wa kupigwa picha. Walipomaliza, akamwambia Enid apite nyuma kwenye kibanda cha vioo, achukue nyanya za mama yake.

Kibanda kile alikijenga baba yake Olive kwa vioo vidogo vidogo, kila kimoja ukubwa wa kitabu cha nyimbo, vimepandiana kama magamba ya samaki. Ndani kulikuwa na joto na harufu ya majani ya nyanya. Enid aliinama, akachuma, akainuka kunyoosha mgongo, na juu ya kichwa chake akaona vidole vinne. Viko ndani ya kioo, vyembamba, vyeusi kama moshi, vimeshika mgongo wa kiti. Zaidi ya hapo kioo kilikuwa safi kabisa.

Kisha akaanza kutazama kioo kimoja kimoja, na kwenye pembe za vingine akaona ncha ya kiatu, nusu ya jani la mnazi wa kuchorwa kwenye pazia la mpiga picha, ukingo wa sketi. Na akaona jambo jingine. Ukuta wa kusini ulikuwa umepakwa chokaa nzito, tabaka juu ya tabaka. Kila mkulima hupaka chokaa ili jua lisiunguze miche, lakini katika nchi ile jua hupita kaskazini. Ukuta wa kusini ni wa kivuli mwaka mzima. Nani anapaka chokaa kwenye kivuli?

Olive alikuwa amesimama mlangoni na mfuko wa karatasi mkononi.

"Vile ni vidole vya nani, Bi Olive?" Enid aliuliza.

Olive hakuinua macho kutazama. Hakuwa na haja. "Vya mzee Hocking wa bendi. Baba aliniita kula kabla sijavimaliza."

Akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa na kusimulia, akitazama mikono yake. Mwaka 1916 Keller alipofungiwa duka kwa asili yake ya Kijerumani, mali yake ilipigwa mnada. Vioo vilikuwa adimu kwa ajili ya vita, na baba yake Olive akanunua masanduku matano. Majirani nao walichukua yao, wengine wakafanyia madirisha ya mabanda ya kuku. Mama yake Olive alikuwa amekwisha kufariki, kwa hiyo kazi ya kuosha ilimwangukia yeye, mwenye miaka kumi na minne. Alichemsha maji kwenye pipa la kufulia, akatia magadi, akatumbukiza kioo kimoja kimoja. Picha ililegea, ikaelea juu kama utando wa maziwa, akaukusanya kwa kijiti na kuutupa uani. Wiki mbili nzima. Mia nne na ushee. Watu aliowajua wote: mwalimu wake, wanakwaya, bibi harusi wa jirani.

"Siku moja," alisema Olive, "nilikuwa nimevipanga uani vikauke. Nikainua kichwa, Bwana Keller yuko kwenye ua. Bado hajaondoka mjini wakati huo. Ameshika kofia yake, anavitazama. Nikasema leo nitatukanwa. Nikangoja. Unajua aliniambia nini?"

Enid akatikisa kichwa.

"Akasema, 'Angalia ncha zake, binti. Kioo hiki hukata vibaya.' Akavaa kofia, akaenda zake."

Enid akauliza kuhusu ukuta wa kusini. Hapo Olive akafunga uso kama mtu anayefunga dirisha mvua ikija. Alimpa nyanya, akamwambia amsalimie mama, akatangulia kumsindikiza mpaka langoni.

Siku tisa zikapita. Enid hakumwambia mtu. Asubuhi ya kumi, taa ya laini ya Trewartha ikawaka kwenye ubao wa simu.

"Nambari gani, tafadhali?"

"Sitaki nambari. Nakutaka wewe," sauti ya Olive ilisema. "Ukitoka kazini njoo na mablanketi. Usije na mtu wa kamati."

Walifanya kazi mchana wote. Olive alikwangua ule udongo mgumu wa kushikizia vioo kwa kisu butu, na Enid akapokea. Safu moja ya ukuta wa kusini ilikuwa ya vioo viwili viwili vilivyobanwa pamoja, na picha imefungiwa katikati. Baba yake Olive alipomuuliza kwa nini anaweka viwili viwili, alimwambia upande ule ni wa baridi. Baba akamsifu kwa akili. Na chokaa, kila mwaka, ilikuwa ya kuwaficha watu wa ndani.

Picha zilikuwa kumi na moja tu. Waliosha chokaa kwa siki na maji, wakavipeleka jikoni, na Olive akaviinua dirishani kimoja kimoja. Kwenye kioo cha namna ile weupe huwa weusi na weusi huwa weupe, lakini baada ya muda jicho huzoea. Bendi ya matarumbeta. Wasichana wawili na baiskeli moja. Mchimba mgodi mzee na mbwa wake, mbwa ametikisa mkia mpaka mkia umekuwa ukungu. Mama yake Olive, amekaa wima, kitabu mapajani.

"Ulisema watu wa kwenu hawakuwa watu wa kupigwa picha," Enid alisema.

"Nilisema uongo. Shika hiki, kizito."

Kulikuwa na Keller mwenyewe, mkewe na binti yao mbele ya duka. Na mwisho kabisa kulikuwa na mtoto mchanga wa miezi minane hivi, amekaa juu ya kiti kilichofunikwa zulia la maua, anacheka mdomo wazi, jino moja. Keller alikuwa na desturi ya kuchora jina la mteja ukingoni kwa sindano. Enid alisogeza miwani. Maandishi yalikuwa kinyume, lakini yeye alikuwa na subira.

*Bi Rodda na mtoto, Machi 1915.*

Akina Rodda mjini walikuwa nyumba moja tu. Enid alizaliwa 1917. Kabla yake alitangulia kaka, Lionel, aliyekufa kwa dondakoo kabla ya kutimiza mwaka, na nyumbani hapakuwa na picha yake hata moja. Alichokuwa nacho mama yake ni soksi moja ya sufu ndani ya bahasha.

"Ulijua huyu ni nani?" Enid aliuliza.

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ile. Nilikishika juu ya maji ya moto, akawa ananichekea." Olive aliweka kioo mezani taratibu, akakilaza juu ya blanketi. "Mwanzo nilimwogopa baba yangu. Halafu nikamwogopa baba yako. Unajua ni yeye na wenzake waliovunja madirisha ya Keller, au hukuambiwa?"

Enid hakuwa ameambiwa. Lakini aliposikia, halikumshangaza kama alivyotamani limshangaze. Hedley Rodda alikuwa mtu wa kanisa, mtu wa kazi, na mtu ambaye akisema jambo nyumbani hakuna aliyeuliza sababu.

"Alikufa mwaka arobaini na nane," alisema.

"Najua. Nilikuja mazishini, nimekaa safu ya nyuma ya mama yako. Nikasema kesho nitamwambia. Kesho ikawa Jumapili, Jumapili ikawa Krismasi. Jambo ukilificha mwaka mmoja waweza kulitamka. Likipita miaka thelathini linakukaba koo. Nikimwona kanisani navuka kwenda upande wa pili."

Hasira ilimpanda Enid mpaka masikioni. Alimfikiria mama yake na bahasha yake, Juni baada ya Juni. Mbele yake aliketi mwanamke mzee mwenye chokaa kwenye nyusi, na vidole vyake vilikuwa na makovu madogo meupe, mengi, ya zamani sana. Enid akakunja blanketi juu ya kioo.

Mwuza dawa wa mji alikuwa na chumba cha giza nyuma ya duka. Alichapa zote kumi na moja, na ile ya mtoto aliichapa kwanza. Enid alirudi nayo nyumbani saa sita mchana. Mama yake alikuwa jikoni akikunja pasti za chakula cha jioni, nyama na viazi na kitunguu ndani ya unga, akizibana kingo kwa kidole gumba. Enid alikuwa amejiandalia maneno njia nzima. Akaiweka picha mezani mbali na unga, akasema, "Mama, tazama."

Bi Tamsin alifuta mikono kwenye aproni. Akatazama. Akavuta kiti akaketi, akatazama tena.

"Ni Lionel," Enid alisema. "Keller alimkalisha kwenye kiti..."

"Hicho si kiti." Sauti ya mama yake ilikuwa ya kawaida kabisa. "Huyo ni mimi."

Enid hakuelewa.

"Chini ya zulia. Kamera yake ilikuwa ya zamani, inataka mtu atulie, na Lionel hakuwa mtoto wa kutulia. Bwana Keller akanikalisha, akanifunika gubigubi, akamweka juu yangu. Kulikuwa na joto la kufa. Zulia lina vumbi, mimi nazuia kupiga chafya." Aligusa picha kwa ncha ya ukucha, mahali zulia lilipojikunja. "Mkono wangu ni huu. Namtekenya. Ndiyo maana anacheka."

Enid aliinama. Sasa aliona: mabega, magoti mawili, mviringo wa kichwa chini ya maua. Alikuwa ametazama picha ile siku tatu na hakumwona mama yake.

Kisha Bi Tamsin akasimulia yale ambayo hakuwahi kuyasimulia. Nakala ilikuwa tayari Mei, lakini habari za vita zilikuwa zimefika, vijana wa mji wamekufa ng'ambo, na Hedley akasema hakuna mtu wa nyumba yake atakayekanyaga duka la Mjerumani. Akasema watampeleka mtoto Adelaide, atapigwa picha nzuri zaidi. Mwezi uliofuata wakamzika. Baada ya mazishi Bi Tamsin alikwenda dukani mwenyewe, bila kuaga. Madirisha yalikuwa yamevunjwa na kupigiliwa mbao. Alijua Keller yumo ndani, alisikia kikohozi chake. Alijua pia ni nani aliyerusha mawe. Alisimama na mkono umeinuliwa, na hakubisha.

"Ningebisha na sura gani?" alisema. Halafu akauliza, "Nani alikuwa nacho?"

Enid alimwambia yote, pamoja na pipa la magadi. Mama yake alisikiliza mpaka mwisho. Alimalizia pasti mbili zilizobaki, akazitia ovenini, akavaa kofia yake ya kanisani ingawa ilikuwa Jumatano. "Nipeleke," alisema.

Olive alikuwa bustanini. Alipoona gari likisimama na nani anashuka, alijaribu kuvua glavu na kufungua lango na kupanga nywele vyote kwa mara moja, na hakuna kilichofanikiwa. Alianza kusema kwamba anaomba, kwamba hajui aseme nini, kwamba alipaswa.

"Olive," Bi Tamsin alisema, "ungeniambia Hedley alipokufa."

"Ndiyo, Bi Tamsin."

"Miaka kumi na minane hiyo."

"Najua. Nimeihesabu."

"Mimi pia nina yangu ya kuhesabu. Nilisimama mlangoni pa yule bwana nikaondoka." Bi Tamsin alishika nguzo ya lango kupumzisha goti lake baya. "Umemtunza lakini. Kwenye baridi ile ukamwekea vioo viwili. Mimi mama yake nilimwekea soksi." Uso wake ukakunjamana, ukatulia. "Basi. Chemsha maji, tunywe chai, siwezi kusimama mpaka kesho."

Maonyesho yalifanyika Oktoba kwenye ukumbi wa mji. Mwenyekiti wa kamati alipendekeza kwamba chini ya picha zile kumi na moja paandikwe jina la mpiga picha na mwaka, basi. Sherehe ni sherehe. Enid alibishana naye kwa upole. Olive hakubishana. Alikuja asubuhi ya ufunguzi na kadi aliyoiandika kwa mkono wake, akaibandika mwenyewe:

*Bwana Ambrose Keller alitupiga picha miaka kumi na sita. Tulimvunjia madirisha, tukauza kazi yake kama vioo. Hizi ndizo zilizobaki. Nyingine niliziosha mimi. Olive Trewartha.*

Akavuta kiti, akaketi chini ya kadi ile siku zote tatu za maonyesho, mikono mapajani, ili mwenye la kumwambia amwambie. Wengi walipita kimya. Wazee wachache walisimama na kumwuliza kwa sauti ya chini kama anamkumbuka fulani, kama alikuwamo kwenye yale masanduku, naye aliwajibu bila kuzunguka: ndiyo, alikuwamo, nilimwosha, nisamehe. Mzee mmoja alilia. Mwanamke mmoja akamwambia maneno makali, naye akayapokea. Bi Tamsin alikaa naye siku ya pili na ya tatu, akafuma sweta, na kila aliyesimama mbele ya picha ya mtoto alimwonyesha magoti yake chini ya zulia.

Kwa wiki kadhaa baadaye taa za ubao wa simu ziliwaka kwa ajili ya Enid mwenyewe. Watu walikuwa wamekwenda kutazama mabanda yao ya kuku. Karibu vioo vyote vilikuwa vitupu. Kimoja kilikuwa na jozi ya buti.

Enid alitumia simu zake kutafuta akina Keller. Ilimchukua mpaka Novemba. Ambrose Keller alikuwa amefariki mwaka thelathini na moja huko Adelaide, baada ya kufanya kazi kiwandani, na hakushika tena kamera. Binti yake, Hulda, yule wa kwenye picha ya mbele ya duka, alikuwa hai, mjane, miguu haimwezeshi kusafiri. Kwenye simu akauliza kama mama yake anaonekana vizuri, kwa sababu hana picha yake.

Olive na Enid walikifunga kioo cha akina Keller ndani ya pumba za mbao, ndani ya boksi la nyanya, wakakipeleka stesheni. Mlinzi wa treni aliahidi kukiweka miguuni pake, asikipakize na mizigo. Siku sita baadaye ikaja barua kwa anwani ya Enid, naye akampelekea Olive, kwa kuwa bahasha ilikuwa na jina la Olive. Olive hakuwa na miwani karibu, akaomba asomewe.

Hulda aliandika kwamba pembe moja ilifika imepasuka, lakini nyuso zote tatu ni salama. Amemkuta mama yake amevaa blauzi aliyokuwa ameisahau kabisa. Aliandika pia kwamba baba yake hakuisema vibaya Penhallow mbele yao. Alisema tu kwamba mwanga wa asubuhi wa kule ulikuwa mzuri kwa kazi. Mwisho alimshukuru Olive, akamwomba amwandikie, akipenda, anayoyakumbuka juu ya baba yake.

"Soma tena hapo kwenye blauzi," Olive alisema.

Enid akasoma tena. Olive akaondoka kutafuta kalamu.